Je, wajua kwa nini wataalamu wa udongo huuita mteremko "mnyororo"?

Shuka kilima chochote Usukumani huku ukiangalia unapokanyaga. Juu, karibu na mawe makubwa, kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na hapo mihogo hustawi. Chini kidogo unaingia kwenye itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini yake. Bondeni kabisa ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa magurudumu mvua ikinyesha, kisha kiangazi ukapasuka nyufa za kupitisha mkono. Panda kilima cha pili, mpangilio ni uleule.

Mpangilio huo wataalamu huuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo halikutoka Ulaya. Lilitoka Amani, milima ya Usambara, ambako Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo, alilipendekeza mwaka 1935. Alikuwa akiandaa ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyotoka 1936. Kwenye karatasi ya nchi nne, utachoraje ukanda wa udongo wenye upana wa hatua mia mbili? Milne akaamua kuchora mfuatano mzima kama kitu kimoja. Wasukuma, bila shaka, walikuwa wameshaupa kila udongo jina lake zamani.

Kinachounganisha pingili hizi ni maji. Juu ya mteremko maji hayakai, hewa inaingia, na chuma kilichomo kwenye udongo hushika kutu. Ndiyo maana sehemu za juu za miteremko mingi ya Buganda ni nyekundu. Maji yakishuka hubeba chembe laini za mfinyanzi pamoja na kalsiamu na magnesiamu. Bondeni yanatuama, hewa inakosekana, kutu inayeyuka, na wekundu unapotea. Mfinyanzi unaojengeka hapo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo zile nyufa. Weusi wake nao huwadanganya wengi: mara nyingi mboji iliyomo ni kidogo tu.

Kwa mkulima, faida ya kuijua katena huonekana siku ya kupima udongo. Ukichota wa juu, wa kati na wa bondeni ukauchanganya kwenye ndoo moja, maabara itakupa ushauri wa mbolea kwa udongo ambao haupo popote shambani kwako. Kila sehemu ya mteremko iwe na mfuko wake, na uandike umechota wapi.