Ini Halifuliwi kama Shati

Wiki iliyopita aliingia katika chumba changu cha tiba ya sindano za Kichina hapa Hamburg muuguzi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, macho mekundu na taya zimekaza, mkononi ameshika chupa ya juisi ya kijani ambayo kwa siku ya 6 mfululizo alikuwa akiinywa badala ya chakula. "Dada, ini nimelisafisha," akaniambia, "mbona hasira haziishi?" Yeye ni wa 4 tangu Februari ianze, ndiyo maana naandika.

Imani yenyewe yafahamika: Wachina wamesema majira ya machipuko ni ya ini, ini huchuja sumu, basi machipuko ni wakati wa kulifua ini. Sentensi ya kwanza ni kweli, ya pili ni ya hospitali, na ya tatu ni mtoto wa haramu wa hizo mbili. Katika tiba ya jadi ya Kichina, gan, neno tunalolitafsiri kuwa ini, ni jina la kundi zima la kazi: kuhakikisha qi, yaani nguvu ya uhai, inapita bila kukwama, kuhifadhi damu, kulisha kano na macho, na kuwa makao ya hasira. Habari ya kuchuja sumu haimo. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa sisi wenyewe tukisema maneno fulani yamemkata mtu maini hatumkimbizi kwa daktari wa upasuaji, na mambo yakitumbukia nyongo hatuulizi ni nyongo ya nani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huku kujishindisha njaa kunapingana na kitabu kile kile kinachotajwa kukuhalalisha. Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina ambacho umri wake ni takribani miaka 2,000, katika sura ya 2 ya sehemu iitwayo Suwen kinaeleza miezi mitatu ya machipuko hivi: mtu achelewe kidogo kulala, aamke mapema, atembee uani kwa hatua pana, afungue nywele, alegeze mwili, ili nia yake nayo ichipue. Kisha yanafuata maagizo matatu: huisha wala usiue, toa wala usinyang'anye, tuza wala usiadhibu. Nionyeshwe basi siku 6 za njaa zinaingia wapi hapo. Muuguzi wangu alikuwa amejinyang'anya chakula katikati ya zamu za usiku, akajiadhibu kwa kila kipande cha mkate alichokitamani, kisha akashangaa kwamba qi iliyokwama imezidi kukwama.

Dawa za mitishamba nazipitia haraka. Xiaoyao San, mchanganyiko wa enzi ya Song ambao wengi wetu huufikiria kwanza kwa mtu wa namna hii, hauoshi kitu: kati ya mitishamba yake, chaihu inafungua njia ya qi, danggui na baishao zinalisha damu. Kwa upande mwingine he shou wu, inayouzwa mtandaoni kama kinywaji cha kuimarisha mwili, imewadhuru baadhi ya watu ini lenyewe, lile la hospitali.

Kwenye yoga nako kuna maneno yake. Mikao ya kujipinda haikamui ini, kwa sababu ini si tambara, na limekaa chini ya mbavu za kulia likiwa limehifadhiwa vizuri. Tena, ndoa ya yoga na meridiani, yaani njia ambamo Wachina husema qi hupita mwilini, si ya kale kama inavyotangazwa. Imefungwa katika karne ya 20, kwa sehemu kubwa kupitia mtafiti Hiroshi Motoyama wa Japani na wanafunzi wake wa Marekani. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ina hesabu yake, na huyahesabu machipuko kuwa wakati wa kapha, ile asili ya mwili yenye uzito na unyevu, si wa ini. Hata hivyo nalaza watu chali, nyayo zikiwa zimekutana na magoti yameachiwa yaanguke pembeni, kwa dakika 5, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa kuwa meridiani ya ini hupanda kutoka kidole gumba cha mguu kupitia paja la ndani hadi mbavuni. Wengi huinuka wakiwa wametulia. Je, ni meridiani, ni pumzi, au ni dakika 5 bila simu? Sijui. Hata sindano zangu, majaribio mengi yaliyozilinganisha na sindano za uongo yamekuta tofauti ndogo, na siku nyingine jambo hilo huninyima usingizi.

Wanaoniandikia kutoka Pwani wakiuliza wafanye nini mwezi wa Machi, nawajibu kwamba kalenda hii ilitungwa kwa nchi zenye baridi na kuchipua. Wao kaskazi inaondoka na masika inaingia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Muuguzi wangu nilimbonyeza Taichong, nukta ya meridiani ya ini mguuni, pale kati ya mifupa ya kidole gumba na cha pili, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwambia arudie uji wake wa asubuhi, atembee kando ya ziwa la Alster kabla ya zamu, na usingizi usiporejea amwone daktari wake. Akauliza zile chupa 3 zilizobaki kwenye friji azifanye nini.

"Wape majirani," nikamwambia. "Kitabu kimesema toa."