Nusu-mfugo: nusu ya nini?

Nusu-mfugo ni mnyama mwenye mmiliki anayejulikana, ambaye hata hivyo hujitafutia malisho, hupandwa na kuzaa msituni bila mchungaji. Mfano wake ulio bayana ni mithuni, mnyama wa jamii ya ng'ombe anayepatikana hasa katika milima ya kaskazini-mashariki mwa India, yaani Arunachal Pradesh, Nagaland, Manipur na Mizoram. Sensa ya mifugo ya India ya 2019 ilihesabu takriban 390,000. Maana yenyewe inaishia hapo. Kinachosumbua ni neno "nusu", ambalo nimelisikia likieleweka visivyo mara nyingi mno.

Kwetu sisi nusu ni kipimo: nusu saa, nusu kilo. Kwa hiyo anayeambiwa nusu-mfugo huanza kuitafuta nusu ya pili. Wengine huiona katika damu, wakadhani mithuni ni chotara wa ng'ombe na mnyama wa mwituni. Sivyo. Mithuni ana kromosomu (vibeba urithi vya ndani ya seli) 58 na ng'ombe wa kawaida ana 60, na jamaa yake wa karibu zaidi ni gauri, ng'ombe-mwitu wa Asia. Chotara wapo kweli, na wafugaji wa Bhutan huwapata kwa makusudi kwa kumpandisha dume la mithuni kwa ng'ombe wa kienyeji. Majike ya uzao huo hukamuliwa, na madume hulima ingawa hayazalishi. (Wapo pia wanaomwita mithuni nyati, lakini nyati ni wa jenasi nyingine kabisa.)

Kosa la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu lina sura ya elimu: nusu hutafsiriwa kuwa nusu ya safari, kana kwamba mithuni ametoka porini, amefika katikati, na kilichobaki ni kumfikisha zizini. Hapa kitenzi chetu chenyewe kingetusaidia kama tungekisikiliza. Hatusemi kufuga ng'ombe na kuku tu; tunasema pia kufuga ndevu, nywele na kucha. Anayefuga ndevu hazilishi wala hazifungi kamba, huziacha ziote zenyewe, lakini ni zake na wembe uko mkononi mwake. Mfugaji wa mithuni miongoni mwa Wanyishi au Waadi wa Arunachal Pradesh anafanana na huyo kuliko anavyofanana na mwenye zizi. Humkata mnyama alama sikioni ili ajulikane ni wa nani, kisha humwachia msitu. Anapotaka kumwona hupeleka chumvi, naye mnyama humjia kwa sababu anamjua. Maziwa si hoja, kwa kuwa mithuni hukamuliwa kwa nadra. Hutolewa kama mahari au faini, huchinjwa kwenye sherehe, na idadi yake humpa mwenyewe heshima kijijini.

Tafsiri hii ina uzito pale watu wanapozungumzia ufugaji endelevu. Msitu unapungua, mithuni huingia mashambani na kuleta ugomvi, ugonjwa wa miguu na midomo huambukizwa na ng'ombe wa jirani, na kundi dogo lenye dume mmoja huishia kuzaliana ndugu kwa ndugu. Aliyeamini habari ya nusu safari atapendekeza banda na majani ya kukatwa. Lakini kazi inayoendelea katika kituo cha taifa cha utafiti wa mithuni, kilichoanzishwa 1988 huko Medziphema, Nagaland, haimwondoi mnyama chini ya miti: kuna kuzungushia uzio sehemu ya msitu, kupanda miti ya malisho ndani yake, kutoa chumvi na chanjo, na kuhifadhi mbegu za madume kwa baridi kali ili damu mpya ifike kwenye makundi yaliyotengana.

Kwa hiyo anayesema kwamba mithuni ni mnyama wa msituni anayeanza kufugwa hajapotea mbali. Aliondoe tu neno "anayeanza".