"Unyevu" wa Wachina si maji ya mvua

Ukisikia matabibu wa jadi wa China wakisema mwili umeingiwa na unyevu, kwao shi, ni rahisi kudhani wanazungumzia kulowa mvua tu, na kwamba dawa yake ni kupunguza kunywa maji. Sivyo.

Twende Guangdong, kusini mwa China, kati ya Februari na Aprili. Hewa ya joto kutoka baharini hukutana na kuta zilizobaki na baridi, basi nyumba nzima hutoka jasho: vigae vinateleza, kioo hakifutiki, nguo zilizoanikwa juzi bado mbichi. Wenyeji hufunga madirisha, maana kuyafungua ni kuukaribisha unyevu ndani.

Huo ni unyevu wa nje. Tiba hiyo ya jadi hushughulika sana pia na ule wa ndani, unaotokana na wengu kulemewa. (Wengu wao si kiungo tu, ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula.) Vinavyolaumiwa ni vinywaji vya barafu, mafuta mengi na vitu vitamu. Dalili zake ni mwili mzito, choo laini, ulimi wenye utando mnene. Ndiyo maana, ili kuutoa unyevu huo, jikoni huchemshwa supu ya yimi, nafaka nyeupe nyeupe ya mviringo, pamoja na maharage madogo mekundu. Mjamzito kwa desturi huambiwa asiiguse yimi.

Maabara haina kipimo cha shi. Kuvu ya ukutani, hiyo ipo kweli na huwasumbua wenye pumu, na supu haiifuti.