Miaka 60 si tarehe ya kufa

Tulikuwa matangani Vihiga, mwalimu mmoja mstaafu akanieleza jinsi alivyomaliza kiinua mgongo chake kwenye nyumba ya mabati ya rangi. "Mwanaume Mkenya huishi miaka 60. Mimi nina 63, hii ni nyongeza tu." Tulicheka. Lakini hesabu yake ina kasoro, na si yeye peke yake anayeipiga hivyo.

Dhana: Wastani wa umri wa kuishi ndio umri wa kufa.

Sensa ya 2019 iliweka wastani wa wanaume kuwa miaka 60.6, wanawake 66.5. Sawa. Ila wastani huo huanzia siku ya kuzaliwa, kwa hiyo unabeba vichanga na vijana waliotangulia. Chukua ndugu watano: mmoja akafa na mwaka 1, wa pili 34, wengine 85, 90 na 90. Jumla ni 300, wastani 60, na hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na 60. Mkenya aliyekwisha kufika 60 anatarajiwa kuongeza zaidi ya miaka 15.

Si kwamba uzee hauna hatari. Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha kuwa uwezekano wa mtu mzima kufa hupanda kwa mpangilio. Kwa takwimu za leo hujirudufu takribani kila miaka minane. Kwa maelfu ya watu, mtaalamu wa hesabu za bima atakadiria vizuri wangapi watafika 80. Kwa wewe mmoja hawezi kusema lolote la maana.

Dhana: Akiba ikitosha, pensheni ya nini?

Itoshe miaka mingapi? Shilingi 1,200,000 ukitumia 20,000 kwa mwezi, bila faida wala bei kupanda, huisha baada ya miaka mitano. Ukistaafu na 60, una 65 na mfuko mtupu.

Huku kwetu kila mtaa una chama cha mazishi. Tunachanga ili atakayekufa mapema asiaibishe nyumba. Pensheni ya kila mwezi hadi kufa ni chama hichohicho kilichogeuzwa: wanaoondoka mapema huwaachia fungu wanaokawia. Ajabu ni kwamba hatari ya kufa tumeichangia tangu zamani, ya kuishi sana kila mtu anaibeba peke yake. Serikali inatoa 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa kuanzia miaka 70 kupitia Inua Jamii. Zinanunua unga na sukari, hazifiki mbali.

Dhana: Kuzeeka kwa taifa ni shida ya Japani.

Ni kweli sisi bado vijana. Sensa hiyo ilihesabu takribani watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi kati ya milioni 47.6. Lakini kinachozeesha taifa hasa ni uzazi kupungua, zaidi ya watu kuishi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alizaa wastani wa watoto wanane hivi. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4.

Mama yake mwalimu yule yu hai, ana miaka 88. Dawa zake za presha wanachangiana ndugu saba. Mwalimu mwenyewe ana watoto wawili, na mmoja yuko Qatar.