Kindle na vitabu vya maktaba: tuelewane mara moja

Kila muhula ukifunguliwa swali kuhusu Kindle, kisomea-vitabu cha Amazon, ni lile lile: "Nimepata Kindle Mwanjelwa, bei nzuri. Si nitaazima vitabu vya maktaba?" Kwa hapa kwetu, hutaazima. Video zinazoonyesha kitabu cha maktaba kikiingia kwenye Kindle kwa kubofya kitufe kimoja ni za Marekani, na njia hiyo ni ya maktaba za Marekani peke yake. Hata Uingereza haipo. Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa huazima kupitia majukwaa ambayo chuo chake kimelipia, na huko kitabu cha kupakua mara nyingi huja kikiwa EPUB au PDF (aina za faili la kitabu) yenye kufuli la Adobe, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili. Kindle haina ufunguo wake. Wabishi husema tangu 2022 Kindle inapokea EPUB ukiituma kwa baruapepe. Inapokea, ila isiyo na kufuli. Kufuli hilo linafunguliwa na visomea-vitabu vingine, Kobo na PocketBook. Muulize mkutubi kwanza mafaili yao yamefungwa na nini, ndipo utoe hela.

Hata mwenye Kobo hukwama, kwa sababu alichopakua si kitabu. Faili linaloishia na .acsm lina kilobaiti chache tu. Ni hati ya kuchukulia kitabu. Ukilihamisha kwa waya hadi kwenye Kobo halifunguki, halafu lawama anabebeshwa mkutubi. Weka programu ya Adobe Digital Editions kwenye laptopu, isajili kwa akaunti yako ya Adobe, kisha fungua .acsm ndani yake: hapo ndipo kitabu chenyewe kinashuka. Chomeka Kobo, isajili kwa akaunti ile ile, buruta kitabu hadi kwenye alama ya kifaa, chomoa kwa utaratibu. Programu itakupa pia nafasi ya kusajili bila akaunti. Usiiguse, hasa kwenye kompyuta ya kafe: kitabu kitabaki pale pale, nawe utapanda daladala ya Uyole mikono mitupu. Laptopu isipoiona Kobo kabisa, shuku waya. Nyaya nyingi za barabarani ni za kuchajia tu, hazipitishi data.

Na mengine ninayoyasikia: "Nitageuza kwa Calibre." Calibre, programu ya kugeuza aina za mafaili ya vitabu, haigeuzi faili lenye kufuli.

"Nikichelewa kurudisha nitapigwa faini." Muda ukiisha kitabu kinajifunga chenyewe. Ila chaji ikikauka kabisa, tarehe ya kifaa inaweza kuvurugika, ukaambiwa muda umepita kumbe bado una siku 10. Washa Wi-Fi ijirekebishe.

"Skrini ya inchi 6 inatosha." Kwa riwaya, sawa. Kitabu cha uhandisi cha PDF, ukurasa wa A4, kwenye inchi 6 ni kukuza na kusogeza mstari kwa mstari hadi ukate tamaa. Anzia inchi 10, la sivyo kisomee kwenye laptopu.

"Baridi inaua skrini." Alfajiri ya Julai kule Makete wino wa skrini hugeuka polepole na kuacha kivuli cha ukurasa uliopita. Kifaa kikipata joto, kinarudi sawa.

"Ya mtumba na mpya ni zile zile." Si kama bado imesajiliwa kwa jina la mwingine. Fungua mipangilio mbele ya muuzaji, soma jina lililoandikwa. Asipoweza kuliondoa hapo hapo, mrudishie.