Kura ya turufu: kura 10 zinavyoshindwa na 1

Barazani hapa Lindi, wacheza karata hawafundishwi turufu ni nini. Turufu ikiwa kopa, mbili ya kopa inaila ree ya shupaza. Nguvu hiyo si ya karata yenyewe. Imetokana na kanuni iliyowekwa kabla mchezo haujaanza. Ndivyo ilivyo kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Baraza hilo lina nchi 15. Kumi huchaguliwa na kukaa miaka miwili. Tano ni za kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Azimio hupita likipata kura 9 za ndiyo, mradi hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyosema hapana. Ikisema, rasimu imekufa, hata kama wengine wote 14 wanaitaka. Mojawapo ikijizuia kupiga kura, azimio halifi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba China imejizuia, usidhani imetumia turufu.

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Ruangwa ataona tofauti upesi. Kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mwenye mikorosho ishirini na mwenye mashamba matatu kila mmoja ana kura moja. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lenye nchi 193, liko hivyo. Lakini maazimio yake mengi ni ushauri tu. Vikwazo ambavyo kila nchi inalazimika kuvifuata huamuliwa na Baraza la Usalama, kule kwenye turufu.

Hotuba ndizo zinazowachanganya watu. Mezani wote wanaitana waheshimiwa, na mjumbe wa nchi maskini anaweza kumzidi mjumbe wa taifa kubwa kwa hoja. Anayesikiliza anaweza kuamini kwamba hoja bora itashinda.

Mwaka 1975 Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza hilo, na mwakilishi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim. Huku kusini vita haikuwa habari ya mbali: wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walifunzwa Nachingwea. Tarehe 6 Juni mwaka huo, kiongozi wao Samora Machel akiwa ameshavuka mto Ruvuma katika safari yake ya kuelekea Maputo, Baraza lilipiga kura juu ya rasimu ya kuizuia Afrika Kusini kupata silaha, kwa sababu iliikalia Namibia. Kura 10 zilisema ndiyo, ya Tanzania ikiwamo. Marekani, Uingereza na Ufaransa zikasema hapana. Basi, ikaishia hapo. Siku 19 baadaye Msumbiji ikawa huru, na Namibia ikaendelea kungoja hadi 1990.

Je, hotuba zile zilikuwa bure? Sikubali hata kidogo. Oktoba 1976 nchi zilezile tatu zilitumia turufu tena juu ya Namibia. Lakini kila kikao kiliwalazimu kuinua mkono hadharani kuutetea utawala uliokuwa ukiwaua watoto wa Soweto, Afrika Kusini. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi nchini humo, alipofia kizuizini Septemba 1977, ilikuwa vigumu zaidi kuinua mkono ule. Tarehe 4 Novemba 1977 azimio namba 418 la kuizuia Afrika Kusini kupata silaha lilipita bila kura hata moja ya kupinga.

Kwa nini basi turufu isifutwe? Kubadili Mkataba wa Umoja wa Mataifa kunataka ridhaa ya theluthi mbili ya nchi wanachama, zikiwamo zote tano. Tangu 2005 Umoja wa Afrika una msimamo kwamba turufu haifai, ila maadamu ipo, Afrika ipate viti viwili vya kudumu vyenye turufu hiyohiyo. Naona madai hayo ni ya haki. Nayo pia yanahitaji kuridhiwa na wale watano.