Je, wajua kwa nini mahakama inakuuliza dini yako, ilhali sensa haikuulizi?

Miaka michache iliyopita niliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya wizi, hapa hapa Dar es Salaam. Jirani yetu alivunjiwa duka usiku, na tulikuwa watu watatu wa mtaa ule tulioona kilichotokea. Nilipanda kizimbani nikiwa na maelezo yangu yote kichwani: saa ngapi ilikuwa, taa ipi ilikuwa inawaka, sauti gani nilisikia. Baada ya kutaja jina, umri na kazi, karani akaniuliza neno moja tu: "Dini?"

Nikajibu kwamba mimi ni Mkristo. Nikapewa Biblia, nikaapa. Nilipomaliza ushahidi niliruhusiwa kukaa benchi la nyuma, nikawaona wenzangu. Mama muuza maandazi alisema yeye ni Mwislamu, naye akathibitisha kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu: Wallahi, Billahi, Tallahi. Kisha akaingia kijana fundi simu. "Dini?" Akajibu, "Sina." Watu waligeuka kumwangalia. Karani akamtazama hakimu, na hakimu, bila kubadilisha sauti, akasema, "Athibitishe." Kijana akathibitisha kwamba atasema kweli tupu, bila kumtaja Mungu, na ushahidi wake ukaandikwa kama wetu.

Swali lile la karani lilinikaa moyoni kwa sababu ya jambo jingine. Mwezi Agosti 2022 karani wa sensa alikuja nyumbani. Aliuliza umri wetu, elimu yetu, kazi zetu, mpaka choo tunachotumia. Dini hakuuliza. Sensa ya mwisho kuuliza dini nchini ilikuwa ya 1967. Ndiyo maana tunajua kwamba mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, lakini hakuna hesabu ya serikali inayosema wangapi kati yao husali msikitini, wangapi kanisani na wangapi hawasali popote. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali hilo lirudishwe, hata vikahimiza watu wasusie kuhesabiwa, serikali ikakataa. Naelewa kiu ya kutaka kujulikana, lakini nadhani serikali ilikuwa sahihi. Katika nchi ambayo ndugu wa tumbo moja huweza kuwa wa dini mbili, idadi ya namna hiyo ingegeuka haraka kuwa fimbo ya kudaiana vyeo.

Katiba nayo iko wazi. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sasa nchi isiyokuwa na dini inataka nini na dini yangu pale kizimbani?

Jibu la kisheria ni fupi. Ipo Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria ya mwaka 1966. Sheria hiyo inamtaka shahidi aape, kisha inaongeza sharti ambalo mimi naliona kuwa miongoni mwa vifungu vyenye heshima kubwa katika sheria zetu: mtu asiye Mkristo, au anayekataa kuapa kwa sababu hana dini, au kwa sababu dini yake yenyewe inamkataza kuapa, atathibitisha badala ya kuapa, na uthibitisho wake utakuwa na nguvu ile ile ya kiapo. Kanuni zilizotungwa mwaka uliofuata zikapanga maneno ya kila kundi. Kwa hiyo karani anauliza dini ili ajue maneno gani yatakufunga wewe. Hajali kama imani yako ni sahihi, wala hapimi kama unaswali swala tano au ulikosa misa Jumapili iliyopita. Anachotafuta ni kile ambacho dhamiri yako inakiogopa au kukiheshimu.

Jibu refu lina safari ndefu, na linaanzia mbali na mahakama ya Kisutu ya hapa Dar es Salaam. Kwa karne nyingi mahakama za Uingereza ziliamini kwamba anayeweza kuapa ni Mkristo, kwa kugusa Injili. Katikati ya miaka ya 1740 ikafika London kesi ya mfanyabiashara wa Calcutta, ijulikanayo kama Omychund dhidi ya Barker. Mashahidi wake walikuwa Wahindu walioapishwa kule India kwa desturi yao, kwa kugusa mguu wa kasisi wao wa Kibrahmini. Upande wa pili ukadai kwamba ushahidi wa "makafiri" haupokelewi. Jaji mkuu wa mahakama ile, Lord Hardwicke, pamoja na wenzake waliupokea. Hoja yao ilikuwa kwamba kiini cha kiapo ni imani ya mwapaji mwenyewe kwamba yuko Mungu atakayemlipa kwa uongo wake. Namna ya kuapa hufuata imani hiyo. Mlango ukafunguka kwa Mhindu na kwa Mwislamu. Kwa asiyemwamini Mungu ulibaki umefungwa, maana kwa hoja ile hakuwa na cha kumfunga.

Huko India mambo yalipata sura nyingine. Wahindu walilazimishwa kuapa kwa maji ya mto Ganges, na Waislamu kwa kushika Kurani. Waungwana wengi walichukia jambo hilo kiasi cha kukwepa kutoa ushahidi kabisa. Mwaka 1840 ikatungwa sheria iliyokiri kwamba kuwalazimisha watu hivyo kunaiumiza dhamiri yao na kuikwamisha haki. Kuanzia hapo Mhindu na Mwislamu wakawa wanathibitisha mbele ya Mwenyezi Mungu. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walituletea sheria nyingi za India. Hata Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ilitumika hapa mpaka tulipotunga yetu mwaka 1967. Mgawanyo ule wa 1840 bado unasikika katika mahakama zetu: Mkristo anaapa, Mwislamu na Mhindu wanathibitisha.

Hapo pana jambo ambalo wengi hatulioni. Karani huandika kwamba Mwislamu "amethibitisha". Lakini muulize mwalimu yeyote wa madrasa: wau, be na te ndizo herufi tatu za kuapia katika Kiarabu. Mama wa maandazi aliposema Wallahi, Billahi, Tallahi, kwa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, aliapa, tena kwa herufi zote tatu, hata kama sheria inakiita kitendo hicho kwa jina jingine. Na kiapo kwake si mchezo. Kurani, katika sura ya Al-Maida, imeweka kafara ya anayevunja kiapo: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Mimi niliyeshika Biblia, kwa upande wangu, nilishika kitabu ambacho ndani yake Yesu anasema msiape kabisa, bali ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo iwe siyo. Wapo Wakristo wanaoyachukua maneno hayo kama yalivyo. Waquaker, dhehebu la Kikristo la Uingereza, walikubali kufungwa jela kuliko kuapa, mpaka bunge la nchi hiyo lilipowaruhusu kuthibitisha katika miaka ya 1690. Kile kifungu chetu kinachomlinda Mkristo asiyetaka kuapa kina mizizi katika mateso yao.

Na kijana fundi simu naye ana babu zake katika safari hii. Mwaka 1880 wananchi wa Northampton, Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Alikuwa hamwamini Mungu na hakuficha. Aliomba athibitishe badala ya kuapa, akakataliwa. Aliposema basi ataapa, wakamkataza pia, kwa kuwa kiapo cha asiyeamini ni bure. Kiti chake kikatangazwa wazi, wapiga kura wakamrudisha, tena na tena. Ni mwaka 1886 ndipo alipoketi bungeni bila kipingamizi, na mwaka 1888 ikapita sheria, yeye mwenyewe akiipigania, ya kumruhusu yeyote asiye na dini athibitishe. Ndiyo sababu neno "sina" lilimaliza shauri kwa sekunde chache siku ile, ilhali miaka mia mbili nyuma, katika mahakama za Uingereza, lingemfukuza mtu kizimbani.

Lakini tusidhani kiapo kililetwa na meli. Kiswahili chenyewe kinasema mtu *anakula* kiapo, *anakula* yamini. Zamani neno kiapo lilibeba maana mbili kwa pamoja: maneno ya kuapa, na jaribio la kumpima mtuhumiwa. Kusini mwa nchi yetu na kwa majirani, watu walinyweshwa mwavi, sumu ya gamba la mti. Aliyetapika alihesabiwa mkweli, aliyekufa alihesabiwa mwongo. Mpaka leo ukipita uswahilini utasikia mtu aliyeibiwa akitangaza kwamba atasoma halbadiri, na mara nyingine kitu kilichopotea kinaonekana asubuhi mlangoni kabla hata ubani haujawashwa. Nani alikirudisha? Hofu ya kiapo. Mwizi aliamini.

Hapa ndipo akili inapodai nafasi yake. Kama kiapo hufanya kazi kwa sababu mtu anaamini, je, asiyeamini tumwamini vipi? Na anayeamini lakini ana ulimi mrefu? Sote tunamjua mtu ambaye kila sentensi yake ina "haki ya Mungu" na bado hata bei ya nyanya hakwambii kweli. Sheria haikuiacha kweli mikononi mwa hofu ya Mungu peke yake. Kwa Kanuni ya Adhabu, kutoa ushahidi wa uongo kwa makusudi ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Tena kosa ni lile lile kwa aliyeapa na kwa aliyethibitisha. Halafu yako maswali ya wakili wa upande wa pili, ambayo hayana dini. Kijana fundi simu alihojiwa kwa ukali kuliko sisi wawili. Alijibu kimoja kimoja: nilikuwa hapa, taa ilikuwa pale, umbali ulikuwa kama huu. Ukweli wake ulipimwa kwa kulinganishwa na wa wengine, kama ulivyopimwa wangu.

Basi kwa nini kiapo kisifutwe, kila mtu aahidi tu? Wapo wanaosema hivyo, nami nimeufikiria sana upande wao. Lakini nimesimama pale. Mkono ulipogusa kitabu nilihisi uzito ambao tishio la jela halikunipa, na nina hakika yule mama alihisi wake. Uhuru wa dini ungekuwa mwembamba kama ungemaanisha kwamba imani yako ibaki mlangoni kila unapoingia ofisi ya umma. Ungekuwa mwembamba zaidi kama yule kijana angelazimishwa kusema maneno asiyoyaamini ili asikike, maana hapo mahakama ingekuwa imeanza kazi ya kutafuta kweli kwa kumtamkisha uongo.

Uzito huo hata viongozi wetu hawauepuki. John Magufuli alipoapishwa Uwanja wa Uhuru tarehe 5 Novemba 2015 alishika Biblia. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Ikulu ya Dar es Salaam tarehe 19 Machi 2021 alishika Kurani. Nchi ilikuwa ile ile, na katiba waliyoapa kuilinda ilikuwa moja.

Wala usidhani ni sherehe tu. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho, pale sheria inapoutaka, hauna thamani. Kesi zimeanguka kwa sababu hiyo. Hata migogoro ya kazi iliyosikilizwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi imewahi kurudishwa ianze upya kwa kuwa mashahidi hawakuapishwa. Kwa hiyo ukiitwa na karani akasahau kukuuliza, mkumbushe kwa heshima.

Kundi moja tu lina njia yake, nalo ni watoto wasiozidi miaka kumi na minne. Zamani hakimu alilazimika kwanza kumhoji mtoto ili ajue kama anaelewa maana ya kiapo. Unasali wapi? Ukisema uongo Mungu atakufanyaje? Mtoto mdogo, pengine aliyeumizwa, alitakiwa aieleze imani yake mbele ya watu wazima wenye majoho kabla ya kueleza alichofanyiwa. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa. Sasa mtoto wa umri huo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha. Anatakiwa kuiahidi mahakama mambo mawili tu, kwamba atasema ukweli na kwamba hatasema uongo, kisha wanamsikiliza.